Ameenda Sultan Hamud

Jumatatu, 8 Januari

Kitabu hiki tulipewa na chama cha akina mama kanisani tuandike maombi yetu na jinsi Mungu alivyoyajibu. Mimi niliomba mvua, ikaja mpaka ikabomoa choo. Niliomba ndengu, nazo zimekuja. Sasa naomba mikono, kwa maana shamba lote limeiva mara moja, maganda yamekuwa meusi, na kwa jua hili la Kyuso ukizubaa yanapasuka yenyewe na panya ndio wanaovuna.

Nyumbani tuko watatu. Mimi Kavata, mjane wa Kitheka. Kijana wangu Nzomo, miaka ishirini na tatu, mrefu, anaimba sauti ya chini kwenye kwaya. Na Kasyoka, shangazi yake marehemu mume wangu. Watoto wanamwita susu, yaani nyanya, nami nikazoea kumwita hivyo. Kazi yake ni kukaa kivulini kando ya ghala, kuchambua maganda na kutukosoa. Binti yangu Yvonne ana duka lake katika mji wa Sultan Hamud. Kuja kuvuna hawezi, lakini kila jioni anapiga simu kuuliza tumefika wapi, utadhani ametuajiri.

Alhamisi, 11 Januari

Tumevuna tangu alfajiri. Mgongo haunyooki. Leo naombea mgongo tu.

Jumatano, 17 Januari

Tumeanza kupiga. Tunamwaga maganda makavu kwenye turubai, Nzomo upande huu, mimi upande ule, fimbo zinapanda na kushuka. Vumbi la ndengu si vumbi la barabarani. Ni jeusi, jepesi, linaingia mpaka kwenye meno. Kufika saa nne sote tunakohoa, na ukitulia unasikia majirani nao wanakohoa bonde zima. Huku kwetu mtu asiyekohoa mwezi wa kwanza tunajua shamba lake lilimtupa. Kikohozi cha ndengu hakina dawa wala hakitaki dawa. Ukishafunga magunia kinaenda chenyewe.

Nzomo anakohoa kuliko mimi. Lakini pia anapiga kuliko mimi, kwa hivyo ni haki yake.

Jumapili, 21 Januari

Kanisani leo kwaya iliimba vizuri, ingawa Nzomo alikaa chini wimbo wa pili akajifuta jasho. Kalekye alimwangalia mpaka akakosa kuimba sehemu yake. Huyu Kalekye ndiye msichana wetu, au niseme atakuwa wetu. Anafundisha watoto wa chekechea hapa sokoni. Baada ya Pasaka tutapeleka mbuzi wa ntheo kwao, wale mbuzi wa kwanza wa kuposa, na hapo mambo yatakuwa yamefungwa.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kwao ni Kathonzweni.

Niandike tu, maana ni mimi na Mungu. Watu wa mume wangu walitoka Kathonzweni. Baba mkwe wangu, mzee Musyoka, alikuwa na ndugu watatu wakubwa: Nzomo, Mbula na Muli. Wote walikufa wakiwa vijana, mmoja baada ya mwingine, kwa kukohoa. Mbula, msichana, alikuwa ameshaposwa. Ikasemekana ni kithitu, kile kiapo cha zamani, kwamba baba yao aliapa uongo kuhusu mpaka wa shamba na kiapo kikamrudia kwa watoto. Familia ikahama ikaja huku. Na majina yale matatu yakaachwa. Sisi Wakamba jina la aliyekufa hurudi nyumbani kwa mtoto mwingine, lakini hayo hayakupewa mtoto tena, mpaka mume wangu alipookoka. Mwana wetu alipozaliwa, Kitheka alisema damu ya Yesu haiogopi kithitu, akamwita Nzomo.

Susu, dada yao mdogo, hakubishana. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kulitamka jina hilo. Kijana anamwita "wewe", au "mwana wa Kitheka", au anagonga sufuria kwa mwiko mpaka ageuke. Miaka yote hii. Sisi tumezoea, wageni ndio wanaoshangaa.

Watu wa Kathonzweni wakija kutuchunguza kabla ya kutoa binti, wataulizana: hawa si ndio wale wa nyumba ya kikohozi?

Jumamosi, 27 Januari

Magunia yamefungwa. Kikohozi changu kimeisha. Cha Nzomo kimebaki kidogo.

Ijumaa, 2 Februari

Bado anakohoa. Nimempa asali na ndimu. Nilimwambia alivuta vumbi jingi kwa sababu anapiga akifungua mdomo kuimba. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Jumanne, 6 Februari

Abdisalam amekuja kununua mbuzi. Tumeuziana miaka mingi, ni mtu mstaarabu, hapunji. Anamshika mbuzi mgongoni, anabonyeza, anajua kilo bila mizani. Nzomo alikuwa anamshikilia beberu. Abdisalam akaacha kumwangalia beberu, akamwangalia Nzomo.

"Mama Yvonne, huyu kijana amekonda."

"Ni kazi ya ndengu. Utanunua au hutanunua?"

"Nitanunua. Lakini kikohozi hicho si cha vumbi. Mimi nilikuwa na kifua nikiwa kijana kule Garissa, nilikonda nikabaki masikio. Nilimeza dawa mpaka zikaisha. Sasa niangalie." Akapiga tumbo lake.

Nilimwambia kama amekuja kupima watoto wangu uzito aende, mbuzi nitamuuzia mwingine. Alichukua fimbo yake akasema hakutaka ubaya. Nilijisikia vibaya alipoondoka, lakini hasira ilikuwa imeshika mbele. Nani alimuuliza? Na alisema neno hilo kwa sauti, lango liko wazi.

Alhamisi, 8 Februari

Nimefua mashati ya Nzomo ya kulalia. Yalikuwa yamelowa shingo na mgongo. Ni joto, nilijiambia. Langu lilikuwa kavu.

Jumapili, 11 Februari

Hakwenda kanisani. Alivaa nguo za kwaya, akakaa kitandani kufunga viatu, akabaki hapo ameshika kamba za viatu. Nikamwambia lala. Nikaenda peke yangu, na njia nzima nilikuwa natafuta la kusema.

Kalekye alinifikia kabla sijakaa. "Mama, Nzomo yuko wapi? Simu yake haishikwi."

Nikasikia mdomo wangu ukijibu: "Ameenda Sultan Hamud kwa dada yake. Kuna kazi imetokea, akaondoka haraka."

Ilitoka laini hata mimi nikaiamini. Mwalimu wa kwaya akasema vijana wa siku hizi, hata kuaga hawaagi. Kalekye aliangalia viatu vyake ibada nzima.

Wakati wa maombi nilifumba macho na sikuweza kuomba. Ningemwambia Mungu nini, kwamba Nzomo yuko Sultan Hamud?

Jumatatu, 12 Februari

Nimempigia Yvonne nikamweleza akiulizwa aseme nini. Akasema, "Mama, yeye ni mgonjwa?" Nikamwambia ni vumbi. "Sasa mtu mwenye vumbi anafichwa kwa nini?" Nikakata. Nitasema mtandao ulikuwa mbaya.

Jumatano, 14 Februari

Uongo una kazi nyingi kuliko ndengu. Nzomo sasa anakaa chumba cha ndani mchana wote, dirisha nimefunga na kuziba kwa gunia. Mtu akipiga hodi nawasha redio. Uji nampelekea kwa kikombe hiki hiki ninachonywa mimi, asijione amebaguliwa. Kijana mwenye ndevu, nimemfungia ndani kama kuku anayeatamia.

Hajalalamika. Hilo ndilo linaloniogopesha. Zamani alikuwa akilalamika hata chumvi ikipungua.

Nilimwambia afunge siku nzima tuombe. Kufika jioni hakuweza kusimama. Nimejichukia.

Ijumaa, 16 Februari

Susu ameanza kuniangalia. Nikibeba sahani kwenda ndani, macho yake yananifuata hadi mlangoni, na nikirudi yako palepale. Chakula chake anakisukuma. Nimempikia muthokoi laini wa mahindi ya kukoboa, ule anaoupenda, akala kidogo akaweka kijiko.

"Susu, una nini?"

"Umeziba dirisha," akasema.

"Ni vumbi."

"Vumbi la ndengu liliisha."

Mimi sikuuliza zaidi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Jumanne, 20 Februari

Damu. Ndogo, kwenye kitambaa, nyekundu kabisa. Alinionyesha mwenyewe, amekaa kitandani.

"Mwaitu, mama yangu, nipeleke hospitali."

Nilimjibu ndiyo. Lakini si hapa Kyuso, hapa kila mtu kwenye foleni anatujua, na yule anayeandika majina anaimba nasi kwaya. Twende Mwingi ambako hatujulikani. Wiki ijayo, nikishauza gunia, tuondoke kabla hakujapambazuka. Nzomo akasema, "Wiki ijayo ni mbali." Nikamwambia si mbali. Nikachukua kitambaa nikakichoma kwenye jiko, na nilipoinuka Susu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mkongojo wake, ananitazama nikichoma.

Naogopa. Niliandike hivyo lilivyo. Naogopa atakufa, na naogopa watu watajua, na siku zingine sijui ni ipi naogopa zaidi. Mama gani anaandika maneno kama hayo?

Alhamisi, 22 Februari

Nitajaribu kuandika yote kwa utaratibu.

Saa tano hivi, jua kali, nilikuwa napepeta ndengu za mwisho zilizobaki kwenye turubai. Susu alikuwa mahali pake, ungo mapajani, akitoa mawe. Mumbua akaingia langoni na mkoba wake. Mumbua ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chetu, na shamba lake linapakana na langu. Nikaongeza redio.

"Mama Yvonne, leo sijaja kupiga stori. Tumetumwa tupite kila boma. Kuna mtu hapa amekohoa zaidi ya wiki mbili?"

"Tulikohoa sote wakati wa kupiga. Sasa tumepona."

"Kutoka jasho usiku, kukonda?"

"Mimi? Niangalie." Nikajaribu kucheka.

"Na Nzomo?"

"Si nilisema kanisani. Ameenda Sultan Hamud kwa dada yake. Kuna kazi huko."

Mumbua akaandika. Mimi nilikuwa namsikiliza mwanangu kupitia ukuta. Redio ilikuwa inaimba, lakini mama anasikia chini ya redio. Alikuwa amekizuia kikohozi. Nilijua amefunga mdomo na kitu, amejikunja, na mimi pia nikaacha kupumua ili nimsaidie. Moyoni nikasema, nenda Mumbua, nenda dada yangu, funga daftari lako uende.

Akafunga daftari. Akasema haya, akipiga simu mumsalimie. Akageuka.

Susu akaweka ungo chini. Aliinuka polepole, kwanza magoti, halafu mgongo, akashika nguzo ya ghala. Mimi nilidhani anaenda haja.

"Nzomo," akasema.

Sijui nieleze vipi. Tangu mtoto yule azaliwe sikuwahi kulisikia jina hilo kwenye mdomo wa Susu. Mumbua alisimama. Mimi ungo ulinitoka mikononi, ndengu zikamwagika chini.

"Nzomo, toka nje. Umefichwa vya kutosha."

Redio iliendelea kuimba. Halafu mlango ukafunguka, na mwanangu akasimama pale ameshika mwimo, kona ya blanketi mkononi, ikiwa na alama za meno. Alikohoa yote aliyokuwa ameyazuia. Hakuweza kuacha. Nilitaka kumkimbilia na nilitaka ardhi inimeze, basi nikabaki nimesimama juu ya ndengu zangu.

Nilingoja Mumbua anitukane. Hakunitukana. Aliizima redio yeye mwenyewe, akamkalisha Nzomo nje mahali penye upepo, akamuuliza maswali yake moja moja. Kisha akaniambia, "Kesho asubuhi nakuja na pikipiki mbili. Hapa hapa Kyuso. Si Mwingi wala mbinguni." Sijui Mwingi alijuaje. Labda Nzomo alimwambia. Alipokuwa anatoka akang'oa lile gunia la dirishani akalitupa kwenye mavi ya mbuzi.

Alipoondoka nilimgeukia Susu. Nilikuwa na hasira mpaka machozi. Nikamwambia, "Umenivua nguo mbele ya watu."

Akakaa chini. Akasema, "Hivyo ndivyo mama yangu alivyosema."

"Alisema nini?"

"Kwamba Muli ameenda Mombasa."

Niliyoyasikia baada ya hapo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayeyajua. Yeye alikuwa mdogo, wa kushika sketi ya mama yake. Nzomo yule wa kwanza alikuwa ameshazikwa, Mbula pia. Muli ndiye aliyebaki na kikohozi, amewekwa nyumba ya nyuma, mlango umefungwa, na majirani waliambiwa ameenda Mombasa kufanya kazi bandarini. Siku moja likaja gari la hospitali, mzungu na karani Mkamba. Walikuwa wakipita kila boma wakiuliza watu wa kukohoa, wawachukue wakatibiwe. Watu walikuwa wamesema wanaochukuliwa na gari hilo hawarudi. Na mama yake alikuwa amezika wawili, hakutaka kumtoa huyu.

"Alisimama mlangoni akasema, 'Ameenda Mombasa.' Yule karani akauliza tena kwa Kikamba, taratibu. Mama akasema tena. Muli alikuwa ndani ameuma blanketi. Mimi nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Gari likaenda. Muli hakumaliza mavuno yale."

"Na kithitu?"

"Kithitu kilikuja baadaye. Kuna kijana wa jirani aliyechukuliwa na gari lile. Tulishamlilia. Mwaka uliofuata akarudi kwa miguu yake, amenenepa, mashavu haya. Mama alienda kumwangalia. Aliporudi hakuwasha moto siku hiyo. Ndipo akaanza kusema ni kithitu, sisi tumeapizwa, hatungeweza kupona hata tungefanya nini. Kabla ya hapo sikuwa nimelisikia neno hilo kwetu." Akaokota ungo wake. "Ningefanya nini, Kavata? Alikuwa mama yangu. Nilimwachia kithitu chake."

Nilipiga magoti nikaanza kuokota ndengu kwenye mchanga, na Susu akaja akakaa karibu yangu tukaokota wote wawili. Nzomo alikuwa amelala usingizi kwenye kiti, nje, uso juani, mbele ya kila mtu anayepita.

Ijumaa, 23 Februari

Tumeenda. Kwenye foleni tulikutana na nusu ya kanisa. Yule wa kwaya anayeandika majina akainua kichwa: "Nzomo, umerudi lini?" Nzomo akanitazama. Nikasema, "Hakwenda popote." Masikio yalikuwa yananichoma, lakini nilisema.

Amekohoa kwenye kichupa. Kuna mashine. Tunangoja.

Jumamosi, 24 Februari

Tunangoja. Nimefagia uwanja mara nyingi hadi Susu akaniambia nimebakisha mwamba.

Jumatatu, 26 Februari

Ni TB. Daktari, msichana mdogo kuliko Yvonne, alituonyesha picha ya kifua. Upande wa kulia juu kuna wingu. Alisema inatibika, dawa ni bure, miezi sita bila kuruka hata siku moja. Nikamuuliza kama tumechelewa. Akasema, "Mmechelewa, mama. Lakini mmekuja." Nikamuuliza ingekuwaje kama tungengoja mpaka Pasaka. Akaanza kuandika kitu.

Mimi na Susu tumepimwa, hatuna, ila tumepewa vidonge vya kuzuia. Yvonne alilala hapa Krismasi, naye atapimwa huko. Daktari akauliza ni nani mwingine amekuwa karibu naye. Nzomo akasema, "Kalekye," akaangalia ukuta.

Jumatano, 28 Februari

Nilienda mwenyewe mpaka chekechea. Nilimsubiri Kalekye chini ya dirisha watoto wakikariri. Nilimwambia yote, gari, Mombasa, Sultan Hamud, mashine. Nilidhani atalia.

"Nilikupigia simu," akasema, "nikampigia Yvonne, nikadhani Nzomo ana mwanamke huko. Nimelia wiki mbili kwa ajili ya mwanamke ambaye hayuko. Na yeye alikuwa umbali wa mimi kutembea kwa miguu. Kama angekufa, Mama, ungeniambia alifia wapi?"

Akaenda kupimwa alasiri hiyo hiyo, peke yake, hakutaka nimsindikize.

Jumamosi, 2 Machi

Nzomo ameingia kutoka chooni uso umebadilika. Mkojo umekuwa rangi ya machungwa, karibu nyekundu. Nilikimbia kwa Mumbua na kiatu kimoja. Mumbua akasema ni dawa, daktari si aliwaambia? Labda alituambia. Nilikuwa nasikia moyo wangu tu.

Jumanne, 5 Machi

Anatapika dawa. Jua kali, hakuna wingu. Amekonda zaidi. Susu anasema subiri. Mimi na kusubiri hatupatani tena.

Jumapili, 10 Machi

Wakati wa maombi nilisimama. Nilisema mwanangu ana TB, anameza dawa, na sikusema kweli hapa mbele za Mungu. Nikasema pia kwamba familia yetu ilipoteza watatu kwa ugonjwa huu, na kwamba waliitwa Nzomo, Mbula na Muli, na hawakuapizwa na mtu. Mchungaji Nyamai aliomba, kisha akasema yeyote anayekohoa tangu ndengu aende hospitali kesho, asingoje mahubiri mengine. Watu watano walikohoa hapo hapo. Wengine walicheka, mimi sikuweza.

Abdisalam nilimkuta kwa duka la Filsan, mkewe. Nilimwambia nilikosea. Akasema, "Yule beberu bado yupo?" Ndiyo msamaha wake huo.

Jumatano, 13 Machi

Hajatapika.

Jumamosi, 16 Machi

Ameomba chumvi. Alisema muthokoi wangu hauna ladha. Niliingia jikoni nikafunga mlango nikalia kwenye aproni mpaka ikalowa.

Jumanne, 19 Machi

Mawingu upande wa Mumoni. Hakuna mvua. Wengine wameanza kupanda wakiamini mawingu. Mimi nimekuwa mwoga wa kuamini chochote mapema.

Kalekye hana ugonjwa. Mumbua ndiye aliyenipa habari. Mwenyewe hajaja.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ilinyesha tukitoka kanisani, ile ya matone makubwa. Na Kalekye akaja nayo, amelowa chapachapa, amebeba viatu mkononi. Alikaa nje barazani na Nzomo, wameacha kiti kimoja katikati yao, na sikusikia walichoongea ingawa nilijaribu sana.

Baadaye akaingia jikoni kunisaidia vyombo. Akasema alienda nyumbani Kathonzweni akawaambia kila kitu, maana hataki ndoa ya redio. Nilishika ukingo wa meza.

"Babu yangu aliniambia," akasema, "hata kwetu kuna wawili walioenda Mombasa wakati ule. Na kwa jirani yetu mmoja. Anasema karibu kila boma lilikuwa na mtu wake aliyeenda Mombasa, na watu wakubwa wote walijua, na hakuna aliyewahi kuuliza mbona hawarudi."

Nilikaa chini kwenye kibao. Kumbe tulihama tukakimbia watu waliokuwa wanaficha kama sisi.

Mbuzi, amesema, wapelekwe dawa zikiisha. Babu yake anataka kumwona kijana akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Jumatano, 3 Aprili

Tumepanda. Nzomo haruhusiwi jembe, anatembea nyuma yetu akidondosha mbegu, na akichoka anakaa. Bado anakohoa asubuhi. Bado nasikiliza kila kikohozi mpaka kiishe ndipo naendelea na ninachofanya. Miezi sita ni mirefu, na daktari amesema nisihesabu uzito wake kila siku kwa macho, namsumbua.

Susu naye ametuchosha. Kutoka asubuhi hadi jioni ni jina hilo hilo. Nzomo, leta maji. Nzomo, mbuzi wako wapi. Nzomo, sogeza kiti. Nzomo. Nzomo. Leo kijana alitoka mbio kutoka shambani ingawa amekatazwa kukimbia, akidhani ameanguka, akamkuta amekaa kivulini anatoa mawe kwenye mbegu.

"Susu, niko hapa. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Sasa unaniita kwa nini?"

Susu aliendelea na ungo wake. "Zamani nilikuwa nikimpelekea Muli uji nikimwita jina hivi mlangoni," akasema, "na siku moja hakuitika. Wewe itika tu."